Majina ya Misalabani

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu ya siri ilikuwa kuandika majina ya wafu.

Baba alikuwa seremala hapa Bunia. Alitoka Butembo na vyombo vyake katika gunia moja, akitegemea kuishi kwa kutengeneza vitanda na makabati, na kwa muda alitengeneza. Kisha ikaja miaka ile watu walipokufa sana, na hakuna aliyeulizia kitanda tena. Walitaka masanduku ya maiti na misalaba. Karakana ilikuwa mbele ya nyumba, hatua chache kutoka jikoni, kwa hiyo vumbi la mbao lilitua hata kwenye sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo. Hatukulalamika. Mtoto huzoea kile anachokikuta, na sisi tulikuta masanduku.

Msalaba una maneno yake: jina la marehemu, siku na mahali alipozaliwa, siku na mahali alipokufa. Baba alijua kusawazisha ubao wa mti wa libuyu mpaka ukateleza kama sabuni, lakini herufi zilimshinda. Aliacha shule mapema, na S zake zilitazama nyuma. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri. Mwalimu wangu alipochoka aliniita nimwandikie ubaoni. Basi siku moja, nikiwa na miaka kumi na moja, Baba aliniwekea brashi mkononi, akafunga mlango wa karakana, akasema, "Masika, andika polepole. Na batu wasijue ni weye unaandika."

Alikuwa na sababu. Kwetu mtoto haandiki jina la mfu. Mteja angejua kwamba msalaba wa baba yake umeandikwa na kitoto cha kike, angeurudisha, na kila kifo cha baadaye kwenye avenue yetu, yaani mtaa wetu, kingesemwa kimetoka kwenye brashi ile. Hata Mama hakujua. Alishinda sokoni akiuza vitenge, akirudi jioni anakuta misalaba imeandikwa, anamsifu mumewe kwamba siku hizi herufi zimenyooka. Baba alikohoa tu.

Aliyejua ni Koko, yaani bibi, mama yake Mama, aliyeishi nasi. Macho yake yalikuwa yamechoka lakini pua ilikuwa nzima. Siku moja alinishika mkono, akaunusa, akakuta harufu ya rangi. Kisha akasema, "Sitaambia mama yako, hatalala. Lakini sikia. Mutoto akiandika jina ya mufu, mukono inazoea njia. Ikishazoea, inatosha mutu mu nyumba." Nikamuuliza mkono unamtoaje mtu. Akasema hajui, yeye alisikia hivyo kwa mama yake, na mama yake hakuwa mtu wa mchezo.

Niliendelea kuandika. Ningefanya nini?

Mdogo wangu aliitwa Kavira. Anaitwa bado, yuko hai, nitafika huko. Wakati ule alikuwa na miaka minane na watu walikuwa wameshamchoka. Alichelewa kusema. Hakuweza kufunga vifungo wala kumenya ndizi, maana mikono yake haikusaidiana. Ungesema kila mkono una mama yake. Kanisani makofi yake yalikuja baada ya makofi ya watu, akawa anapiga peke yake wote wakiwa wamenyamaza. Shule ilimrudisha nyumbani baada ya majuma machache. Mwalimu alisema mtoto huyu anatazama ukuta, na kweli alikuwa anautazama. Hakujifunza kusoma hata herufi moja.

Lakini kilichoingia masikioni mwake hakikutoka. Ungemwambia, "Kavira, mahubiri ya siku ile mchungaji alipopoteza miwani," naye angeyatoa yote, pamoja na pale mchungaji alipokohoa. Ugomvi wa majirani aliurudisha kwa sauti za wote wawili. Mama aliona aibu, akamkataza. Mimi nilifurahi. Katika nyumba ile ya kazi na ukimya, huo ndio ulikuwa mchezo wetu.

Nilipoandika misalaba, Kavira alikaa kwenye vumbi la mbao karibu na miguu yangu. Mimi nina tabia ya kusoma kwa sauti ya chini ninapoandika, nisije nikaruka herufi. Kwa hiyo kila jina lililopita mkononi mwangu lilipita masikioni mwake, na siku zake zote mbili, na mahali. Ilikuwa hivyo kwa mwaka mzima na zaidi. Na kila mara Baba alipofunga mlango alirudia neno lake, kwamba watu wasijue ni Masika anaandika. Kavira alilisikia hilo pia.

Kisha Koko akafa, kwa homa ya siku tatu. Baba alitengeneza sanduku, mimi nikaandika msalaba. Sikuharibu hata herufi moja. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nilikuwa nimeandika watu wengi mno, na jina la Koko la msalabani lilikuwa na herufi nne tu, nikamaliza upesi.

Kwenye kilio, siku ya tatu, wanawake walikuwa wamekaa chini ya turubai kwenye mikeka. Jirani mmoja, Mama Régine, alikuwa akisikitika kwamba hata siku ya kufa ya mama yake mwenyewe imeanza kumpotea. Kavira alikuwa amelala pembeni, tukidhani amesinzia.

"Alikufa tarehe tisa, siku ya tano," akasema, yaani Ijumaa. "Alizaliwa Lubero. Ile siku mvua ilinyesha mbele ya saa sita."

Wanawake wakacheka kwanza. Mmoja akamjaribu: na kaka yangu? Akamjibu. Na mtoto wa dada yangu? Akajibu na huyo, siku ya posho, yaani Jumamosi, upepo ulikuwa mwingi. Walipofika mtu wa saba hakuna aliyecheka tena. Mama Régine akamuuliza, "Nani alikuambia?" Kavira akatazama mkeka. Alikuwa amekatazwa kusema, na hakuwahi kusahau katazo.

Ndani ya majuma mawili yaliyofuata watu wawili zaidi wakafa kwenye avenue yetu, mzee mmoja na mtoto mchanga. Katika mji wetu wa wakati ule hilo halikuwa jambo geni. Lakini safari hii watu walikuwa na mahali pa kutazama. Baba alikuwa amekwenda Mambasa kutafuta mbao, na mvua ilikuwa imeharibu barabara. Wanawake wakaja kwa Mama, wakakaa naye, wakazungumza kwa sauti za upole. Mama alikuwa bado na kitambaa cha kilio kichwani. Aliogopa. Alhamisi asubuhi akamchukua Kavira mpaka kwenye chumba cha maombi nyuma ya avenue, nami nikawafuata nimebeba mkeka.

Watu wanaponisikiliza hapa hungoja niwaambie juu ya mwanamke mbaya. Hakuwa mbaya. Mama Safi, aliyeongoza maombi, alikuwa na sauti ya kubembeleza, na alimpa Kavira karanga kwanza, akangoja amalize kula. Wenzake sita walikaa wamezunguka. Kisha akasema, "Kavira, mutoto wangu, usiogope. Tuambie majina ya batu benye balikufa. Bote wenye unajua."

Lazima nieleze jambo moja. Katika vyumba vile, mtoto anayeshukiwa huombewa mpaka aungame, na kuungama kwake ni kutaja majina: nimekula huyu, nimekula yule. Kwa kawaida mtoto hulia, hukataa, hupigiwa kelele, na baada ya siku kadhaa za njaa hutaja mtu mmoja au wawili ili apumzike. Wale mama walikuwa wamejiandaa kwa kazi ya siku nyingi.

Kavira hakukataa. Aliombwa majina, akayatoa. Alianza na msalaba wa kwanza kabisa niliouandika na akaendelea kwa mpangilio, jina, siku, mahali, siku, mahali. Aliyasema kwa sauti yangu, ile ya chini, na alinyamaza kila pale nilipokuwa nikichovya brashi. Mimi nilitambua. Wengine walisikia tu mtoto anayenong'ona kwa sauti isiyo yake. Kila jina la ndugu ya mmoja wao lilipotajwa, mwenyewe alipiga yowe, "Yesu!" akaanguka juu ya mkono wa jirani yake. Ilichukua muda mrefu. Alimalizia na Koko, na Mama akajilaza chini kwenye simenti, akafunika uso.

"Hawa bote, ulijua siku yao mbele bazikwe?" Mama Safi akauliza.

"Ndiyo," Kavira akasema. "Mbele bazikwe."

Ilikuwa kweli. Msalaba huandikwa kabla ya maziko.

Mmoja wa wale mama, nimesahau jina lake na ningependa kulijua, akasema taratibu kwamba baba wa mtoto huyu ndiye anayetengeneza misalaba, huenda mtoto ameona. Mama Safi hakumpuuza. Alifikiri. Mama akajibu kutoka pale sakafuni kwamba Kavira hajui kusoma hata A. Ndipo Mama Safi akanigeukia.

"Masika, weye ni mukubwa. Baba yako akiandikaka, anasomaka kwa sauti? Kuko mutu anasomea huyu mutoto?"

Nilikuwa na rangi nyeusi chini ya kucha. Nilijua jibu, na nilijua kwamba jibu lingemtoa Kavira katika chumba kile na kuniweka mimi mahali pake: mtoto anayeandika wafu. Nikasema, "Hapana. Hakuna mutu."

Kwa miaka mingi niliwaambia watu kwamba nililia niliposema hivyo. Nilimwambia mume wangu, nilimwambia rafiki yangu mmoja wa shule. Niliamini. Kavira anasema sikulia. Anasema nilijikuna shingo, nikauliza kama naweza kukunja mkeka.

Walimweka mle siku tisa, kwa maji na uji mara moja kwa siku. Baba alirudi na matope mpaka magotini. Mama alimweleza yote wakiwa wamesimama uani. Nilimwona Baba akinitazama, kisha akatazama mlango wa karakana. Nilingoja aseme. Akaomba maji ya kunawa miguu.

Alikwenda kumtoa Kavira siku ile ile, na Mama Safi hakumzuia. Lakini avenue ilikuwa imeshasikia. Vijana walikuja mpaka kwenye ua, wakasema kwa heshima kabisa, "Muzee, siye hatukatai weye. Lakini huyu mutoto aende, ao nyumba itaungua." Miaka mingi baadaye, mwaka ule alipokufa, Baba aliniambia kwamba angesema nani aliandika, wangewataka watoto wawili badala ya mmoja. Huenda ni kweli. Huenda pia aliona aibu ya zile S zake. Sikumuuliza, na yeye hakunieleza zaidi.

Kavira alipelekwa Boga, kwa dada mkubwa wa Mama, kwa pikipiki, akiwa amebanwa kati ya dereva na Baba. Asubuhi ile kulikuwa na msalaba unaongoja. Niliingia karakana nikauandika. Niligundua nimesoma kwa sauti na hakuna mtu miguuni, kwa hiyo nikaacha kusoma kwa sauti. Sikusikia kitu kingine. Nilikuwa nikingoja nisikie, kama mtu aliyejikata anavyongoja damu, na haikuja siku ile wala mwaka ule. Nilikula, nilisoma, nilifaulu, nilisuka nywele. Usiku nililala vizuri. Kama hilo linamshangaza msomaji, hata mimi linanishangaza.

Maneno ya Koko yalitimia, basi. Mtu alitolewa nyumbani. Nimeyazungusha sana maneno hayo kichwani, na ninaona kwamba yalitimia kwa sababu tuliyaamini. Tungekuwa watu wasiojali nani anaandika nini, ningefungua mdomo. Tuliogopa mkono wangu, tukafunga mdomo wangu, na Kavira akaondoka kwa mlango huo.

Alikaa Boga miaka kumi na minne. Mama Mkubwa alimlaza jikoni mwanzoni, baadaye akamwingiza ndani. Miaka michache baadaye kanisa la kule lilipoteza madaftari yake watu walipokimbia vita, na katekista akagundua kwamba binti huyu, aliyekuwa akisikiliza kila ubatizo, anajua nani alibatizwa siku gani na nani alikuwa mama wa ubatizo. Watu wakawa wanakuja kumuuliza. Walimletea ndizi. Kichwa ni kile kile, na kutoka Bunia mpaka Boga si mbali.

Nilimrudisha nilipokuwa nimeshapata kazi ya ualimu na nyumba yangu, Baba akiwa amezikwa. Msalaba wake niliuandika mimi, mchana, mlango wazi. Kavira aliishi kwangu vizuri, mpaka akaanza kuanguka kifafa. Dawa za hapa zilisaidia nusu. Tukachanga, tukampeleka Kampala, kwenye mashine inayopiga picha ya ubongo.

Daktari alikuwa mtu mpole, mwenye Kiswahili cha kusitasita. Alituonyesha ile picha ya kijivu. Ubongo wa mtu una nusu mbili, alisema, na katikati kuna mkanda mnene wa nyuzi unaozifanya nusu hizo zizungumze. Kwa Kavira mkanda huo haukujengeka tangu tumboni. Akauliza, je, vifungo vinamsumbua? Makofi? Nikasema ndiyo, ndiyo. Nikamweleza juu ya kumbukumbu. Akafikiri, akasema wapo wachache duniani wenye ubongo wa namna hii ambao hawasahau kitu, lakini wengi wenye ubongo kama huo hawana kipaji hicho, na hakuna anayejua hasa kwa nini. Huenda ubongo uliokosa njia moja hufungua nyingine. Hakutaka kusema zaidi ya anachokijua, na nilimheshimu kwa hilo.

Nilikuwa nimengoja miaka yote nipate jina la jambo hili. Nilidhani likija nitapumua. Nilitazama ile nafasi nyeusi katikati ya picha, nikawaza kwamba njaa imeniuma na basi linaondoka saa nane. Njiani kurudi Kavira aliwarudishia abiria maneno yote ya daktari, kusitasita na kila kitu, na mama mmoja wa Mahagi akasema, "Huyu docteur anaongea vizuri."

Nilimpelekea Mama picha. Sasa ni mzee, anakaa kwa mdogo wetu wa kiume, aliyezaliwa baadaye, kule Saio. Alikuwa akichambua maharagwe. Aliishika picha kwenye mwanga, akaigeuza, akaniuliza juu ni wapi. Nikamweleza. "Kumbe haikuwa..." akasema, na hakumalizia. Kisha: "Lakini yale majina aliyatoa wapi?"

Nikamwambia. Nilimwambia juu ya brashi, na Baba, na mlango uliofungwa, na swali la Mama Safi, na jibu langu.

Mama alichambua maharagwe mpaka yakaisha. "Ulikuwa mutoto," akasema. Baadaye kidogo akasema, "Na miye nilikuwa mukubwa." Hatujazungumza tena jambo hilo.

Jumapili iliyofuata nilikaa na Kavira nyuma ya nyumba. Alikuwa akikata lenga-lenga, yaani mchicha, kwa namna yake, ubao ameukandamiza kwa goti, mkono mmoja unafanya kazi, mwingine umelala. Nilimwambia, "Kavira, naomba unisamehe."

"Ya siku gani?" akauliza.

Nilidhani ananidhihaki, lakini yeye hajui kudhihaki. Alitaka kujua siku. Nikasema ile siku ya chumba cha maombi. Akaitaja tarehe, akasema nilivaa nini, akarudia swali, akarudia jibu langu kwa sauti yangu ya miaka kumi na miwili. Nilikuwa sijaisikia sauti ile tangu niipoteze. Kisha akasema, "Hiyo nimekusamehe. Na zingine?"

"Zingine gani?"

"Ziko mingi."

"Nisamehe zote, basi."

"Hapana." Alitikisa kichwa kama mtu anayemwelekeza mtoto. "Zote haiko siku. Tuende moja moja."

Kwa hiyo tunakwenda moja moja, Jumapili baada ya ibada. Mimi nilikuwa nimejibebea kosa moja kubwa miaka yote hiyo, na nadhani nililitunza vizuri, kwa sababu lilinizuia kuona mengine. Kuna siku nilicheka na wenzangu makofi yake. Kuna barua niliyomwandikia Boga kwamba nitakuja wakati wa Pasaka. Katekista alimsomea, na akakaa kando ya barabara Pasaka tatu. Juma lililopita ilikuwa ya mwaka jana tu. Mzazi wa mwanafunzi wangu alipita, akauliza yule mwanamke ni nani, nikasema ni mtu wa kunisaidia kazi za nyumbani. Kavira alikuwa amesimama mlangoni. Siku ile sikuwa mtoto, wala hakuna aliyetishia kuchoma nyumba.

Tumefika ya kumi na tatu. Inaniuma sasa, inauma kifuani kila Jumapili kuanzia asubuhi, na yeye hajui kupunguza. Namwambia aendelee.